Mwongozo Kamili wa Siku Tatu za Gorge kwa Marafiki wa Zamani Waliokutanishwa na Bendi

Kwa miaka mingi sasa, Dave Matthews Band, bendi ya roki ya Marekani, imekuwa na desturi ya kupiga muziki usiku 3 mfululizo katika Gorge Amphitheatre, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili inayotangulia Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambayo nchini Marekani ni Siku ya Wafanyakazi. Uwanja huo wa wazi umejengwa juu ya ukingo wa bonde la mto Columbia, karibu na mji mdogo wa George katika jimbo la Washington, takribani kilomita 240 mashariki ya Seattle, na unachukua watu zaidi ya 27,000. Mimi nilianza kwenda huko Septemba 2002, mwaka ambao maonyesho ya hapo yalirekodiwa na kutolewa kama albamu mwaka 2004, na karibu kila safari nimekwenda na watu walewale.

Tulivyokutana ni sehemu ya mwongozo huu, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini watu wenye umri wetu bado wanalala kwenye hema. Bendi hii ilianza Charlottesville, Virginia, mwaka 1991, ikiongozwa na mwimbaji aliyezaliwa Johannesburg, nayo tangu mapema iliwaruhusu mashabiki kurekodi sauti za maonyesho yake mradi wasizifanyie biashara. Kanda hizo, na baadaye CD, zilizunguka kwa posta: ulimtumia mtu usiyemjua CD tupu pamoja na bahasha yenye stempu ya kurudishia, naye akakunakilia onyesho alilokuwa nalo. Mimi, mwanafunzi niliyekuwa nimetoka Tanga juzi tu, nilimwandikia mtu wa Spokane, ambaye alirudisha CD zangu na karatasi ndogo iliyoeleza mahali alipokuwa amesimama na kipaza sauti chake, na kwamba kikohozi kinachosikika katika wimbo wa tatu ni chake. Kwa njia hiyohiyo nilimpata Mkenya wa Mombasa aliyekuwa akiishi Portland, na wengine watatu. Aliyekulia Dar es Salaam hatashangaa kusikia haya, maana mashabiki wa Msondo Ngoma, bendi iliyozaliwa kama NUTA Jazz mwaka 1964, na wale wa Sikinde, yaani Mlimani Park iliyoanza 1978, wamekuwa wakichangiana harusi na kuzikana kwa sababu ya bendi tu.

Kanuni ninayoitetea hapa ni moja: panga safari kwa ajili ya kukaa pamoja, si kwa ajili ya kukaa mbele. Makundi mengi niliyoyaona yakivunjika yalianza kwa kuhangaikia tiketi na kuwakumbuka watu baadaye. Maelezo yangu ni ya Gorge kwa kuwa ndiko ninakokujua, lakini anayekwenda kuisikiliza bendi hii Alpine Valley huko Wisconsin au Saratoga katika jimbo la New York ataona kwamba mengi yanamhusu pia.

Hatua ya kwanza: hesabuni vichwa wakati theluji bado iko chini

Ratiba ya kiangazi kwa kawaida hutangazwa majira ya baridi, na tangu siku hiyo mnakuwa na muda mfupi kabla tiketi hazijaanza kuuzwa. Kwa hiyo mazungumzo yafanyike mapema zaidi, mwezi Desemba au Januari, na yafanyike kwa sauti, si kwa kuandikiana tu katika kundi la WhatsApp, ambako mtu anaweza kuweka alama ya kidole gumba bila kuwa ameamua lolote. Kila mmoja aulizwe mambo matatu: je, anakuja, atakaa usiku mangapi, na mwili wake, kwa hali aliyo nayo mwaka huu, unaweza kulala wapi. Swali hilo la tatu hatukuwa tukiulizana tulipokuwa na miaka 25. Siku hizi ndilo linaloamua nusu ya mipango, kwa kuwa kati yetu kuna mwenye mgongo uliofanyiwa upasuaji, mwenye kisukari, na mmoja anayekoroma kiasi kwamba hema lake huwekwa mbali kwa makubaliano ya wote.

Wekeni tarehe ya mwisho ya kujibu na muiheshimu. Yule Mkenya wetu, ambaye ana ulimi wa Kimvita hata anapozungumza Kiingereza, aliwahi kumjibu mwenzetu aliyesema kwamba atajaribu: "Ndugu yangu, 'nitajaribu' ni 'hapana' iliyovaa kanzu." Tangu hapo anayesema atajaribu huhesabiwa kuwa haji, na akija baadaye hujitafutia tiketi mwenyewe bila mtu kununa.

Hatua ya pili: teueni kijumbe

Waliowahi kucheza upatu wanajua kwamba upatu haufi kwa kukosa fedha bali kwa kukosa kijumbe. Safari ya watu sita inahitaji vilevile mtu mmoja, na si wawili, anayekusanya michango, kununua kwa niaba ya wote, kuandika kila senti katika jedwali ambalo kila mtu anaweza kulifungua, na kuwa na uso mkavu wa kudai. Asiwe mtu mwenye fedha nyingi kuliko wote, kwa sababu huyo hushawishika kulipia kwanza na kudai baadaye, jambo ambalo ndilo chanzo cha ugomvi. Nasema hivi kwa kuwa nimewahi kuwa mtu huyo. Mwaka mmoja nilinunua tiketi za watu wote kwa kadi yangu, wawili wakajitoa mwezi Julai, nami nikakaa na tiketi 6 za usiku mitatu ambazo sikuthubutu kuzidai wala kuweza kuzisahau, na simu zetu zikawa fupi hadi Krismasi.

Masharti tuliyoyaandika baada ya hapo ni mafupi. Fedha hufika kwa kijumbe kabla ya siku ya kununua, na asiyetuma hanunuliwi. Anayeshindwa kuja huitoa tiketi yake kwanza ndani ya kundi, kwa bei aliyonunulia, na kundi likikosa mtu ndipo huiuza nje. Hakuna anayemuuzia mwenzake kwa faida, hata kama bei ya mtaani imepanda mara mbili. Gharama za pamoja, yaani kambi, gesi, barafu na chakula, hugawanywa kwa usiku wa mtu mmoja mmoja na si kwa vichwa, ili anayekuja Jumamosi tu asimlipie barafu aliyefika Alhamisi.

Hatua ya tatu: tiketi

Klabu ya mashabiki wa bendi hii inaitwa Warehouse, ina ada ya kila mwaka, na wanachama wake huweza kuomba tiketi kabla ya mauzo ya wazi, huku muda wa uanachama ukiangaliwa katika kugawa viti. Hapo ndipo mtego wa marafiki wa zamani ulipo. Mwenye uanachama wa miaka 20 hupata nafasi nzuri za mbele, lakini chache, na aliyejiunga juzi hupata za nyuma au hapati, hivyo mkiomba kila mtu kivyake mtajikuta mmetawanyika uwanja mzima kama shanga zilizokatika uzi. Tulifanya hivyo miaka miwili. Tulikuwa tukionana asubuhi tu, kila mmoja akisimulia onyesho ambalo ni kama la nchi nyingine.

Gorge ina sehemu ya mbele ya kusimama, ina viti vyenye namba, na juu yake kuna mteremko mkubwa wa nyasi ambao hauna namba yoyote. Nashauri, bila kuuma maneno, kwamba kundi la marafiki wa zamani linunue tiketi za nyasi kwa angalau usiku miwili kati ya mitatu. Ni za bei nafuu kuliko nyingine, zinamruhusu mwenye mgongo mbaya kulala chali, zinamruhusu aliyechelewa kuwakuta wenzake bila kumwonyesha mlinzi chochote, na kwa uwanja huu hasa nyasi ndipo mahali penye mandhari bora, kwa sababu jukwaa limeupa mgongo bonde na watazamaji wanaangalia magharibi, mto ukiwa chini kabisa na jua likizama nyuma ya wapiga muziki. Usiku mmoja uliobaki, anayetaka kwenda mbele aende, na asiulizwe.

Mambo ya kiufundi ni machache. Tiketi za siku hizi hukaa kwenye simu, na mara nyingi msimbo wake hubadilika kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo picha ya skrini uliyotumiwa na rafiki haitafungua lango. Lazima ahamishie tiketi yenyewe kwenye akaunti yako, na hilo lifanyike nyumbani wiki moja kabla, kwa kuwa mtandao wa simu karibu na lango huelemewa na watu. Tangu Mei 2025 kanuni ya FTC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara, inawataka wauzaji wa tiketi waonyeshe tangu mwanzo bei iliyojumlisha makato yote ya lazima, hivyo muuzaji anayekuonyesha bei ndogo kisha kuiongeza ukurasa wa mwisho anakupa sababu ya kumkimbia. Mnaponunua tiketi ya mkono wa pili, nunueni mahali ambapo tiketi huhamishwa ndani ya mfumo uleule ulioitoa, na msimlipe mtu asiyejulikana kwa njia ya kutumiana fedha isiyorudishika.

Hatua ya nne: pa kulala, na namna ya kufika pamoja

Uwanja una kambi yake pembeni, na kibali cha kambi hununuliwa mbali na tiketi ya onyesho. Kibali huhesabiwa kwa gari, si kwa mtu, na hilo peke yake ni hoja ya kutosha ya kubanana: watu sita katika magari mawili watalipa vibali viwili, na kila aliyeshikilia kuja na gari lake ataongeza cha tatu kwa ajili ya kiburi tu.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba wahudumu wa kambi huyapanga magari kwa mfuatano wa kuingia. Magari yenu yakiachana kwa dakika 10 yanaweza kulala umbali wa robo saa ya kutembea. Ndiyo maana sisi hukutana Ellensburg, mji wenye chuo kikuu ulio kwenye barabara kuu ya I-90, chini ya saa moja kabla ya kufika. Hapo tunajaza mafuta, tunanunua barafu, tunakwenda msalani, kisha magari yote yanaondoka yakiwa yamefuatana, yanavuka daraja la Vantage juu ya Columbia na kupanda ng'ambo ya pili bila kuruhusu mtu kuingia katikati. Anayetoka Spokane huja kutoka mashariki, kwa hiyo yeye hutangulia na kusubiri kando ya njia ya kutokea barabara kuu hadi atuone. Fikeni Alhamisi ikiwa kambi inafunguliwa siku hiyo, au Ijumaa mapema, kwa kuwa foleni ya mchana wa Ijumaa hukaanga injini na mishipa ya fahamu kwa pamoja.

Mkishaingia, egesheni magari upande unaotoka upepo, kisha mahema yawe nyuma yake. Ile ni nyika kavu ya vichaka vyenye rangi ya majivu, haina mti wa kuvunja upepo, na alasiri upepo hupanda kutoka bondeni kwa nguvu ya kubeba turubai. Mambo za plastiki, yaani vigingi vya kufungia hema, zinazokuja na hema la bei nafuu hazifai kitu kwenye udongo ule mgumu. Nunueni mambo za chuma na mje na nyundo. Turubai la kivuli lifungwe kwenye magari kwa kamba, na linapovuma sana lishusheni mapema badala ya kulibishania.

Asiyeweza kulala chini asilazimishwe kuonyesha ushujaa. Hoteli zipo Ellensburg, Moses Lake na Quincy, lakini hujaa miezi kadhaa kabla, na bei za wikendi ile hazina huruma. Weka nafasi mara tu ratiba inapotangazwa, piga simu tena mwezi Agosti usikie jina lako likisomwa, na uwe na uthibitisho kwenye karatasi; mwenzetu mmoja alifika saa 7 usiku katika hoteli moja akaambiwa chumba chake kimetolewa, akalala kwenye gari akiwa amevaa soksi mikononi. La mwisho kuhusu jambo hili: anayerudi hotelini usiku haonji pombe, au anaendeshwa na asiyeonja. Hakuna mjadala.

Hatua ya tano: mizigo, na sufuria la pilau

Mchana wa mapema Septemba huko unaweza kufika nyuzi 30 na zaidi, na usiku uleule ukakutetemesha. Mtu aje na kofia, mafuta ya kuzuia jua, maji mengi kuliko anavyodhani, na koti zito ambalo ataona haya kulibeba saa 9 alasiri na kulishukuru saa 4 usiku. Mwenye insulini aifunge kwa kitambaa kikavu ndani ya kopo kabla ya kuiweka kwenye deli la barafu, kwa kuwa insulini iliyoganda haifai tena. Mwishoni mwa kiangazi moshi wa moto wa nyika na misitu unaweza kutanda mashariki ya Washington, kwa hiyo tunaangalia kipimo cha uchafu wa hewa kwenye AirNow, tovuti ya serikali ya Marekani, kila asubuhi: kikizidi 100 mwenzetu mwenye pumu huvaa barakoa ya N95, na kikizidi 150 hewa haimfai mtu yeyote, sote tunavaa, na tunakubaliana mapema kwamba anayetaka kuondoka ataondoka bila lawama.

Vizibo vya masikio si anasa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu, maana yake kwenye desibeli 100, kiwango ambacho muziki wa jukwaani hukifikia bila shida, unabakiwa na dakika 15 tu. Bendi hii hupiga kwa zaidi ya saa 2, mara 3. Vipo vizibo vilivyotengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa muziki, ambavyo hupunguza sauti bila kuifanya isikike kama inatoka chini ya godoro, na gharama yake ni ndogo kuliko fulana moja ya ziara. Rafiki yetu wa kikohozi, aliyerekodi maonyesho kwa miaka bila kinga, sasa anasikia mlio wa nzi sikioni usiku na mchana.

Chakula ndicho ninachokijua zaidi, maana ni kazi yangu tangu mwaka wa pili. Moto wa kuni hauna nafasi katika nyika kavu kama ile, kwa hiyo tunapika kwa jiko la gesi la mezani, na upepo ndio adui. Nyumbani nachambua mchele, nakaanga vitunguu hadi viwe kahawia iliyoiva sana, nachemsha nyama na bizari zake hadi ilainike, kisha nafunga supu na nyama kwenye makopo na kuigandisha, ili nayo iwe sehemu ya barafu ya deli. Kufikia Jumamosi mchana imeyeyuka. Nazungushia jiko kipande cha bati kilichokunjwa mara tatu, nachemsha supu, namimina mchele ulioroweshwa, na maji yanapokaribia kukauka nafunika kwa karatasi ya alumini kisha mfuniko kisha jiwe. Kwenye upepo ule mfuniko usio na jiwe utaufuata hadi kwa majirani. Harufu ya hiliki na bizari nyembamba hufika safu ya tatu ya mahema kabla sahani haijatoka, na kila mwaka hutokea mtu mwenye kofia ya bendi akasimama kwa adabu na kuuliza tunapika nini. Pikeni kilo moja ya mchele zaidi ya mahitaji yenu. Mwaka 2014 aliyesimama hivyo aligeuka kuwa mtu niliyemtumia CD mwaka 2003, ambaye sote wawili tulikumbuka mwandiko wa mwenzake kuliko jina.

Mengine ni ya kawaida: tochi ya kichwani, betri ya akiba ya simu, karatasi ya choo, mkeka. Kwa upande wa mikoba, viwanja vingi vya aina hii huruhusu mfuko wa plastiki angavu usiozidi takribani sentimita 30 kwa 15 kwa 30, lakini masharti ya viti, maji na mikoba hubadilika, kwa hiyo kijumbe ayasome upya wiki ileile na kuwatumia wote.

Hatua ya sita: jioni ya onyesho

Malango yakifunguliwa, wawili wenye miguu mizima hutangulia na kushika mahali, wengine hufuata na mizigo, na zamu hiyo hubadilika kila siku. Msikimbilie ukingo wa chini wa nyasi. Tafuteni mahali palipo katikati, sambamba na meza ya mafundi wa sauti, kwa kuwa wao wanaupima muziki kutoka kwenye mstari huo na sauti hufika pande zote mbili ikiwa sawa. Angalieni mteremko wenyewe pia: penye mwinuko mkali mtateleza usiku kucha, na njia ya msalani isiwe ndani ya mkeka wenu. Sisi huweka kanga moja kuukuu, nyekundu, yenye jina lililofutika nusu, ambayo mama yangu alinipa siku naondoka. Imetandazwa Gorge mara nyingi kuliko ilivyowahi kutandazwa Tanga, na wenzetu Wamarekani huitafuta kwa macho wanaporudi na vinywaji gizani.

Kubalianeni mahali na saa ya kukutana iwapo mtu atapotea, na iwe sehemu isiyohama, kama mlingoti fulani wa taa, simu msizitegemee. Jua huzama karibu saa 1 na nusu jioni, likiwa usoni kwenu, hivyo miwani ya giza ibaki machoni hadi hapo. Dakika hizo ndizo ninazozipenda kuliko onyesho lenyewe: kuta za bonde huwa za rangi ya shaba, mto huwa mweusi kabla ya mbingu, na watu elfu 20 na kitu hupunguza sauti zao bila kuambiwa na mtu.

Kuna suala la kuzungumza. Marafiki waliokaa mwaka mzima bila kuonana wana mengi ya kusimuliana, na wanaowazunguka hawakulipa nauli ili wasikie habari za talaka ya mtu. Sisi tuna desturi kwamba habari husemwa mchana, chini ya turubai, na muziki ukianza anayetaka kuongea huinuka na mwenzake wakasimame nyuma. Vilevile, kwa kuwa bendi hubadilisha orodha ya nyimbo kila usiku, na hiyo ndiyo sababu ya watu kwenda siku zote tatu, aliyekuja usiku mmoja asisomewe orodha ya alivyovikosa.

Hatua ya saba: wasiokuwepo, na wanaoletwa

Agosti 2008 LeRoi Moore, mpiga saksafoni aliyekuwamo tangu mwanzo, alifariki kutokana na matatizo yaliyofuatia ajali ya gari la shambani. Siku chache baadaye bendi ilipiga Gorge bila yeye, nasi tulikaa kwenye nyasi zilezile tukijifunza kwamba kundi linaweza kuendelea bila kujifanya kuwa halijapungukiwa. Hatukujua kuwa tutalihitaji somo hilo. Mwaka 2016 mwenzetu wa Boise aliondoka duniani mwezi Machi, baada ya kuwa ameshamtumia kijumbe mchango wake. Kijumbe hakuamua peke yake. Alimpigia mjane simu na kumuuliza, naye akasema atakuja mwenyewe, na akaja, akiwa na binti yao wa miaka 14.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu wanaoletwa, wawe wake, waume, watoto au rafiki wa kazini, ni kwamba waletwe kwa kutangazwa mapema, walipie kama wengine, na wapewe kazi siku ya kwanza. Mgeni asiye na kazi hubaki mgeni. Yule binti alipewa jiwe la kuwekwa juu ya mfuniko. Watoto wadogo wavae vikinga masikio vya kufunika sikio zima, na walale mapema kwenye mkeka. Hulala fofofo kuliko unavyodhani. Na asiyeweza kuja kwa ugonjwa au kwa kukosa fedha asipigiwe simu ya video wakati wa wimbo wake, jambo ambalo tulilifanya kwa nia njema mpaka mwenyewe akatuomba tuache. Mpigieni asubuhi, mkiwa na chai.

Hatua ya nane: Jumatatu

Usiondoke Jumapili usiku. Foleni ya kutoka ni ndefu, umechoka, na barabara ya kurudi Seattle hupita milimani kwenye Snoqualmie Pass. Lala, amka na baridi, kunja hema kabla upepo haujaamka. Takataka zote zifungwe na zisiachwe hata ncha ya mambo, kwa kuwa mambo za chuma zilizosahauliwa hutoboa magurudumu ya watu wa mwaka ujao.

Kisha rudini Ellensburg pamoja, kwenye meza moja ya mgahawa, na kijumbe asome jedwali kwa sauti kabla mtu yeyote hajaagiza chakula. Anayedaiwa alipe palepale kwa simu. Salio, likiwepo, lisirudishwe kwa senti. Libaki kwa kijumbe kama mwanzo wa mchango wa mwaka ujao. Mwaka jana lilikuwa dola 23, na mjane wa Boise ndiye anayelishika, kwa sababu ndiye aliyechaguliwa kijumbe mezani hapo, kwa kura tano dhidi ya moja, na hiyo moja ilikuwa yake.

Mkifika nyumbani anikeni mahema siku mbili kabla ya kuyahifadhi. Vumbi la kule ni laini kama unga na hujificha kwenye mishono. Kanga yangu huhitaji kufuliwa mara tatu, na maji ya kwanza hutoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa.